Ghala Hujengwa Kwanza Juu ya Karatasi

Maneno ya hotuba iliyosomwa Bagara, Babati, mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi na watumishi wa Chama Kikuu, katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama



Wasemaji walionitangulia wamekwisha kuueleza mwendo wa Chama tangu kilipoandikishwa, wala sina haja ya kuurudia. Mimi nimepewa kazi nyingine, nayo ni kusema juu ya ghala. Mkutano Mkuu umekubali kwamba kila kilo ya mahindi na ya mbaazi itakayopita mikononi mwa Chama ikatwe kiasi kidogo kwa ajili ya ujenzi wa maghala, la kwanza hapa Bagara, na mengine katika vyama vya msingi vitakavyofuata. Fedha hiyo haitoki Hazina wala haitoki kwa mfadhili. Inatoka katika gunia la mtu aliyelima, akapalilia na kulinda. Kwa hiyo kila mfuko wa saruji utakaogandia stoo, na kila siku atakayokaa fundi kivulini akingoja mchanga, ni debe la mahindi lililomwagika njiani, na mwenye debe ana haki ya kuuliza.

Sababu ya kutaka ghala mnaijua kunishinda. Wakulima wa mbaazi hawajausahau mwezi wa Agosti mwaka 2017, Serikali ya India ilipoweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zitakazoruhusiwa kuingia nchini mwake. Bei ilianguka huku mavuno yetu mengine yakiwa yangali shambani. Mwenye mahali pa kuhifadhi aliweza walau kungoja na kutafakari. Asiyekuwa napo aliuza kwa bei aliyotajiwa. Hali kadhalika, Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 ilimfungulia mkulima njia ya kuweka mazao yake ghalani na kupewa hati yenye thamani, lakini hapana mtu wa benki atakayeiheshimu hati ya mahindi yaliyolala chini ya paa linalovuja. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula walijengewa vihenge vya chuma na maghala mjini kwetu Babati, katika mpango ambao mikataba yake ilitiwa saini mwaka 2017 kwa mkopo kutoka Poland. Sisi hatuna Poland yetu. Tuna makato ya kilo, na akili.

Mtu akisafiri kwa njia yo yote itokayo Babati, iwe ya Arusha kupitia Magugu, au ya Dodoma kupitia Bonga na Kondoa, au ya Singida kupitia Dareda na Katesh, ataziona kuta zilizosimama bila paa, na nyasi zimeota ndani. Tumezoea kuziita maboma. Lingine lilikusudiwa kuwa darasa, lingine zahanati, lingine ofisi ya kijiji, na nasikitika kusema kwamba mengine yalikusudiwa kuwa maghala ya ushirika. Waliozijenga kuta hizo hawakuwa wavivu. Walichanga, wakabeba mawe na maji kwa vichwa, wakatoa siku zao. Walichokosa ni karatasi moja tu, yaani hesabu ya jengo zima kutoka msingi hadi kofia ya paa, na ya siku ambayo kila kitu kitahitajiwa. Walianza na kile walichokuwa na fedha yake. Fedha ikaisha kwenye lenta, mvua ikaingia katika vichwa vya kuta, tope lililofungia matofali likalainika, na mwaka wa tatu anapopatikana mtu wa kununua mabati, mhandisi husema kwamba ukuta hauwezi tena kubeba paa.

Tusemapo upotevu katika ujenzi, watu wengi hufikiri wizi. Wizi upo, na nitasema neno juu yake. Lakini upotevu ulio mkubwa kuliko wote hauna mwizi, na ndiyo sababu haukamatwi. Ni kungoja. Ni kubeba kitu kile kile mara mbili. Ni kubomoa kilichojengwa juzi ili bomba lipite. Ni kununua kingi mno leo, na kidogo mno kesho. Bwana Taiichi Ohno, aliyeupanga utaratibu wa kazi katika viwanda vya magari vya Toyota huko Japani baada ya Vita Kuu ya Pili, alizihesabu hasara za namna hiyo zikafika saba, na kungoja na kuhamisha-hamisha vitu ni miongoni mwake. Mwaka 1992 mtaalamu wa Finland, Bwana Lauri Koskela, aliandika taarifa akiwa katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, akionyesha kwamba kazi za ujenzi zaweza kutazamwa kwa jicho hilo hilo. Sitaki kuwachosha kwa habari za mbali. Nimewataja tu ili mjue kwamba taabu hii si ya Babati peke yetu, wala si ya watu maskini peke yao.

Na tuanze basi na kiwanja, maana hata ramani nzuri haina msaada juu ya kiwanja kibaya. Wenyeji wa Babati wanakumbuka jinsi maji ya ziwa yalivyopanda mwaka 1990 yakaingia mjini. Majirani zetu wa Katesh walipatwa na maafa ya maji na matope kutoka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023. Kwa hiyo, kabla ya kukubali kiwanja cha bure, Kamati iende kukitazama wakati wa masika, si wakati wa kiangazi, na iwaulize wazee wa mtaa maji hupita wapi. Vichimbwe pia mashimo mawili matatu ya kuuona udongo. Udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua hudai msingi wa gharama kubwa, na mara nyingine kiwanja cha kununua chenye udongo mwekundu mgumu huwa rahisi kuliko cha kupewa. Jengo lenyewe lilazwe kwa urefu kutoka mashariki hadi magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige zile kuta fupi, na ndani pasiwe joto kupita kiasi. Jambo hilo halina gharama hata senti moja likiamuliwa mapema. Likisahauliwa, halirekebishiki tena.

Kisha ukubwa. Desturi yetu ni kuuliza, "Wenzetu wamejenga la namna gani?" na kujenga kubwa kidogo kuliko lao. Ghala lapasa kupimwa kwa tani. Tuseme tunataka kuweka tani 500 za mahindi, yaani magunia 5,000 ya kilo mia, kama ni gunia la haki na si lumbesa. Tani moja ya mahindi yaliyomo katika magunia huchukua kama meta za ujazo 1.8, basi tani 500 zataka meta za ujazo 900. Tukiyapanga magunia hadi kimo cha meta 3, shehena itakalia meta za mraba 300. Hapo tuongeze njia za kupita kandokando ya shehena, maana gunia lisiguse ukuta, na mkaguzi apate kuzunguka. Tuongeze na mahali pa mizani na pa kupokelea. Tunafika kwenye jengo la meta 14 kwa meta 30, yaani meta za mraba 420. Hilo ndilo ghala letu. Atakayetaka la meta 40 atuonyeshe kwanza mahindi yake.

Sasa nawaomba mnivumilie kidogo katika hesabu, kwa sababu hapa ndipo fedha hupotea bila mtu kuiona.

Sakafu ya ghala hilo, tukiimwaga zege la unene wa sentimita 10, itahitaji meta za ujazo 42. Fundi akiharakishwa, asipige pima maji vizuri, na kifusi kikawa chini kwa sentimita mbili na nusu tu, zege litajaza pengo hilo lenyewe, na hakuna atakayegundua. Lakini pengo hilo ni zaidi ya meta 10 za ujazo. Kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, meta moja ya ujazo hula mifuko sita na kitu. Basi mifuko zaidi ya 60 imezikwa chini ya sakafu kwa ajili ya kusawazisha kifusi ambacho vijana wanne wangekisawazisha kwa siku mbili. Tazameni bei ya saruji dukani, mzidishe wenyewe.

Nondo nazo huuzwa kwa urefu wa meta 12. Mchora ramani akitaka vipande vya meta 4.2 kwa ajili ya nguzo, kila nondo itatoa vipande viwili, na kipande cha meta 3.6 kitabaki kikizagaa uwanjani hadi kitakapopata mwenyewe. Kwa vipande 100 tutanunua nondo 50. Kama nguzo ingeweza kupangwa ili kipande kiwe meta 4 kamili, kila nondo ingetoa vitatu bila masalio, na nondo 34 zingetosha. Nisieleweke vibaya: hapana ruhusa ya fundi kukata nondo fupi kuliko ilivyoandikwa, maana hiyo ni kuwaua watu. Nasema mhandisi aulizwe swali hilo wakati ramani ingali ni ya penseli. Aghalabu atakuwa na njia. Na kama hana, basi aonyeshe mle ndani ya ramani ni wapi vile vya meta 3.6 vitatumika, kwenye mkanda au kwenye pete, ili visigeuke kuwa chuma chakavu.

Hali ni hiyo hiyo kwa mabati. Mabati matatu ya meta 3, yakilaliana sentimita 15 kila penye kiungo, hufunika mteremko wa meta 8.7. Ramani ikisema 8.9, kila mstari utahitaji bati la nne kwa ajili ya sentimita 20, na mabaki yake yataishia kwenye mabanda ya kuku. Ni heri kufupisha upenu kwa shubiri moja, au kuagiza kiwandani mabati yaliyokatwa kwa urefu wetu kama fedha ya kuagizia ipo.

Nimekuja sasa kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ni zito kuliko yote, nalo ni kalenda.

Hapa kwetu mvua huanza Novemba na huendelea kwa vipindi mpaka Mei. Kiangazi, ambacho ndicho wakati mwema wa kujenga, ni Juni hadi Oktoba. Walakini miezi hiyo hiyo ndiyo ya mavuno. Mahindi huanza kuingia Juni na Julai, na mbaazi hufuata Agosti na Septemba. Malori yote yamekwenda kubeba mazao, na nauli imepanda. Vijana wote wako mashambani. Na makarani wa Chama wanalala mizanini. Fedha ya makato nayo hupatikana baada ya mauzo, yaani Septemba na Oktoba, wakati mawingu yameanza kukusanyika juu ya Mlima Kwaraa. Nini hutokea? Kamati, ikiwa na fedha mkononi na wanachama wanaouliza "mbona hatuoni kitu?", huanza kuchimba msingi mwezi wa Novemba. Mtaro hujaa maji, kingo huporomoka, saruji hushika unyevu, na fedha ya makato ya mwaka mzima huingia katika tope.

Ninawashauri tufanye kinyume. Fedha ikipatikana Oktoba, iwekwe benki. Novemba hadi Machi iwe miezi ya karatasi: kiwanja, ramani, kibali cha Halmashauri ya Mji, mchanganuo wa vifaa, na kuwachagua mafundi. Kazi hizi hazizuiwi na mvua. Mwezi wa Aprili na Mei, wakati maji yangali mengi na malori hayana mzigo, tulete mawe, kokoto na mchanga, na tufyatue matofali, kwa kuwa tofali la saruji lataka kumwagiwa maji siku zisizopungua saba, na maji ya Mei ni ya bure ilhali ya Septemba huja kwa boza. Mwishoni mwa Mei msingi uchimbwe katika ardhi iliyoanza kukauka. Juni na Julai kuta zipande. Saruji, nondo na mabati havisongwi na ubovu wa barabara siku hizi, hasa tangu ile ya lami ya kutoka Dodoma hadi Babati ilipofunguliwa rasmi mwezi wa Aprili mwaka 2018, lakini vyasongwa na nauli za wakati wa mavuno, kwa hiyo vya paa viagizwe kabla malori hayajaanza kugombewa. Paa liwe limekwisha kupigiliwa ifikapo katikati ya Oktoba. Masika yanayofuata yatatuonyesha kama linavuja, na mahindi ya kwanza yataingia Juni ya mwaka wa pili.

Najua maana yake. Mwanachama atakayekatwa kilo zake msimu huu ataiona faida yake msimu wa tatu. Hilo lisemwe wazi katika mikutano ya vyama vya msingi, kwa lugha ambayo kila mtu anaielewa, na lisifichwe. Mkulima ni mtu anayejua kungoja. Asilolijua ni kwa nini anangojeshwa.

Mtaniuliza, kwa nini saruji yote isinunuliwe mapema ikiwa bei ni nzuri? Ni kweli kwamba bei hubadilika. Mwezi wa Novemba mwaka 2020 saruji ilipanda nchini hata Waziri Mkuu akataka maelezo. Lakini saruji ni kama maziwa, haikai. Hata ikihifadhiwa pakavu, yakadiriwa kwamba baada ya miezi mitatu huwa imepoteza kama sehemu ya tano ya nguvu zake, na ikihifadhiwa chini, juu ya ardhi yenye unyevu, huwa jiwe. Ni heri kupatana bei na muuzaji kwa mzigo wote, kisha ukaletwa mafungu kwa mafungu kwa tarehe zilizoandikwa.

Kazi ikianza, kungoja kunabadili sura. Kwa uzoefu wangu, mahali ambapo majengo ya ushirika husimama zaidi si kwenye msingi wala kwenye paa. Ni kwenye sahihi. Binding waya imekwisha siku ya Jumanne. Ni kitu cha fedha kidogo tu. Hundi yahitaji watu wawili. Mmoja yuko msibani Galapo, wa pili amesema hawezi kutia sahihi mpaka Bodi ikutane, na Bodi hukutana mwisho wa mwezi. Mafundi sita wanakaa. Siku ya nne wanakwenda kutafuta kazi kwingine, na siku ya kumi waya ikija, mafundi hawapo. Sisemi taratibu za fedha ziondolewe. Mali ya wengi yataka macho mengi, na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 haikuwekwa bure. Nasema Bodi ipitishe fedha kwa hatua: msingi, kuta, mkanda, paa, sakafu, milango. Hatua ikipitishwa, Kamati ya Ujenzi ya watu watatu iweze kununua vilivyomo katika orodha ya hatua hiyo bila kurudi kuomba upya, na itoe hesabu kabla ya kufunguliwa hatua ya pili. Kitu kisichokuwamo katika orodha ndicho kirudi Bodini. Kama tumekopa, jambo hili ni la haraka zaidi. Tuchukue kwa mfano tu mkopo wa shilingi milioni 100 kwa riba ya asilimia 9 kwa mwaka. Kila mwezi jengo likilala, shilingi 750,000 zimekwenda, na hakuna tofali lililopanda.

Wataalamu wawili wa Marekani, Bwana Glenn Ballard na Bwana Greg Howell, walifuatilia mipango ya kazi za kila wiki katika ujenzi, wakakuta kwamba karibu nusu tu ya kazi zilizopangwa kwa wiki ndizo zilizokuwa zikikamilika. Dawa yao ni rahisi hata inachekesha. Waliwaita wasimamizi wa mafundi wenyewe, si mabwana wa ofisini, wakamwuliza kila mmoja: wiki ijayo utafanya nini hasa, na una kila kitu cha kukifanyia? Asiye na kila kitu haruhusiwi kuahidi. Kilichoahidiwa huandikwa, na mwisho wa wiki huhesabiwa, na kisichofanyika huandikiwa sababu yake.

Sisi twaweza kufanya hivyo kwa ubao mmoja mweusi na chaki. Kila Jumamosi mchana, fundi mwashi, fundi wa nondo, seremala, mtunza stoo na katibu wasimame mbele ya ubao kwa nusu saa. Fundi wa nondo akisema atafunga mkanda Jumatano, seremala ajue kwamba mbao za kuzuia zege ziwe tayari Alhamisi, na mtunza stoo aseme kama saruji ya kumwaga siku ya Ijumaa ipo. Siku ya kumwaga zege yahitaji kuulizwa swali lake peke yake, maana zege likikatizwa katikati ni ufa wa kesho. Maji yapo? Mchanga umepimwa? Toroli ngapi zina magurudumu? Mama wa chakula ameambiwa watu wangapi? Mnacheka, lakini nimeziona zege nyingi zikisimama saa saba mchana kwa sababu ya ugali. Halafu zile siku saba za kulimwagia zege maji zisiwe siku za kukaa. Ubao uonyeshe ni kazi gani nyingine mafundi watakwenda kuifanya, kama vile kuunda kenchi chini, au kutengeneza milango.

Ubao huo utawafaa pia watu wa kujitolea. Mara ngapi tumewaita wanachama mia siku moja, wakafika na majembe, wakakuta kazi ya watu ishirini? Themanini hurudi nyumbani wakisema ushirika ni upuuzi, na safari ya pili hawaji hata wale ishirini. Ni afadhali kila tawi lipewe siku yake na kazi yake, iliyohesabiwa, likaimaliza na kwenda zake.

Kuhusu wizi, neno langu ni fupi. Lori la mchanga lipimwe kwa futi ya kamba, urefu na upana na kina cha bodi, siku ya kwanza linapofika; baada ya hapo tunahesabu meta, hatuhesabu "tripu". Mtunza stoo awe na leja, na kitu kisitoke bila kuandikwa kinakwenda kwenye kazi gani. Mifuko mitupu ya saruji irudishwe na kuhesabiwa. Na mtu atunzaye stoo asiwe yule yule anayenunua.

Chama Kikuu kina faida moja ambayo mtu binafsi hana, na sijaona tukiitumia sawasawa. Hatujengi ghala moja. Tuseme baada ya Bagara tutajenga Magugu, Galapo, Dareda na Bonga. Kila kimoja kikichora ramani yake, tutalipa wachoraji watano na kujifunza mara tano. Ramani ikiwa moja, mbao za kuzuia zege zilizotumika Bagara zitatumika Bonga, na kundi la mafundi wa msingi likimaliza hapa lahamia pale siku ile ile wanapoingia wa kuta. Jengo refu la Empire State la New York lilianza Machi 1930 likafunguliwa tarehe 1 Mei 1931, ghorofa 102, kwa sababu kila kundi lilipanda nyuma ya lenzake bila kungojana, na vifaa havikurundikwa barabarani, bali vilisambazwa kwa vitoroli vya reli vilivyopita katika kila ghorofa. Hapa nyumbani, mpango uliozinduliwa tarehe 10 Oktoba 2021 kwa fedha za kupambana na UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3, ulikuwa na vyumba vya madarasa 15,000, shilingi milioni 20 kwa kila chumba. Kazi kubwa mno katika miezi michache, na ramani moja iliisaidia sana. Lakini nchi nzima ilipotafuta saruji, mabati na mafundi kwa mara moja, kila mmoja alimpandishia mwenzake bei. Ndiyo maana nasema maghala yetu yafuatane. Yasianze yote siku moja kwa ajili ya kuwaridhisha wajumbe wote siku moja.

Juu ya vifaa vyenyewe, yafaa tukumbuke kwamba Mwalimu Nyerere, alipoitazama miaka kumi ya Azimio la Arusha mwaka 1977, alitulaumu kwa kung'ang'ania saruji na bati kana kwamba nyumba haiwezi kuwa nyumba bila vitu hivyo. Kwa ghala la nafaka bati sina ugomvi nalo. Kwa kuta, tuna uchaguzi. Tofali la kuchoma ni zuri, lakini kuni zake zatoka wapi? Msitu wa Ufiome pale Kwaraa ndio unaotupa maji, wala hatuwezi kuuchoma ili tujenge ghala la mahindi yanayotegemea mvua yake. Tangu mwaka 1971 nchi yetu ilipoanzisha kitengo cha utafiti wa ujenzi, watafiti wamekuwa wakiyahimiza matofali ya udongo na saruji kidogo yanayoshindiliwa kwa mashine na kufungamana. Hayahitaji kuni, na udongo wa kujengea huingia kidogo sana. Ila si kila udongo unafaa. Kamati ichukue debe moja kutoka kwenye kiwanja, ifyatue matofali machache ya kujaribia, iyaloweke, iyapime, ndipo iamue.

Ofisi imeniambia kwamba ramani ya awali itabandikwa ukutani hapa Bagara, karibu na mlango wa mizani, kuanzia mwezi wa Januari. Nawaomba wanachama msipite tu. Wapagazi waseme kama mlango ni mpana wa kutosha mtu na gunia lake, madereva waseme kama lori litageuka, akina mama wanaopepeta waseme wanataka kivuli upande gani. Kufuta mstari wa penseli ni kazi ya dakika moja. Maoni yapokelewe mpaka mwisho wa Februari, yaandikwe katika kitabu, na kila moja lijibiwe. Mwezi wa Machi mhandisi atie sahihi, na kuanzia siku hiyo mlango uliochorwa kaskazini ubaki kaskazini, hata akija mgeni wa heshima namna gani akasema ungependeza zaidi ukiwa kusini.